Huyu profesa wa kwenye tivii anakula wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Kila vita ikilipuka mahali naona tivii za nje zinaleta wasomi wa Kimarekani, leo chini ya jina wameandika "profesa", kesho yule yule ni "aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa", na rafiki yangu anasema pembeni wana makampuni ya ushauri yanawaingizia hela ndefu. Hivi mtu wa chaki anafikaje huko, na tuwaamini kweli?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako hajakudanganya. Njia hiyo Marekani ni ya siku nyingi, ilipata nguvu baada ya sheria ya 1947 iliyounda Baraza la Usalama wa Taifa pamoja na CIA, shirika la ujasusi, maana serikali ilikuwa inaingia kwenye mvutano na Wasovieti na ikawa inataka watu wa kuieleza Urusi na mambo ya nyuklia, na wengi wa watu hao walikuwa vyuoni. Cheo chenyewe cha mshauri wa rais wa usalama wa taifa kikaja 1953, na utamu wake ni kwamba hakipiti Seneti kuthibitishwa, rais akikukubali basi umeingia. Ndo maana maprofesa wameutumia sana mlango huo: McGeorge Bundy alitoka Harvard, Walt Rostow MIT, Zbigniew Brzezinski Columbia, Condoleezza Rice Stanford.

Ila muangalie Henry Kissinger, profesa mwingine wa Harvard, huyo ndo aliyeicheza mechi yote mpaka dakika ya mwisho. PhD yake ya 1954 pale Harvard ilihusu wanadiplomasia wa Ulaya baada ya Napoleon, kitu ambacho ukikipeleka kwa wanasiasa watasinzia. Kilichomtoa ni kitabu cha 1957 kuhusu silaha za nyuklia, hicho kilisomwa na wakubwa. Akawa anamshauri Nelson Rockefeller, gavana wa New York, na 1968 mtu wake akashindwa kupata tiketi ya chama cha Republican ya kugombea urais, aliyeipata ni Nixon, na Nixon huyo huyo akamchukua Kissinger! 1973 akawa waziri wa mambo ya nje huku cheo cha ushauri bado kakishika. Alipotoka madarakani 1977 akasaini na tivii ya NBC, akafundisha Georgetown, halafu 1982 akafungua kampuni yake ya ushauri.

Sasa hapo kwenye kampuni ndo pa kukaa macho. Mteja wa kampuni kama ile halipii mihadhara, historia ya Metternich, mmoja wa wale wanadiplomasia wa PhD yake, anaweza kuisoma mwenyewe maktaba, analipia mtu ambaye akipiga simu kwa waziri simu inapokelewa, na wateja hao ni siri. Mwisho wa Novemba 2002 rais Bush alimteua Kissinger kuongoza tume ya kuchunguza mashambulizi ya Septemba 11, watu wakaanza kuuliza, mzee wateja wako ni kina nani? Kabla Desemba haijafika nusu akaachia ngazi. Yaani kati ya kuongoza uchunguzi mkubwa vile na kutaja wateja, aliona bora wateja.

Kwa hiyo kuwaamini? Mimi nawasikiliza, wanajua vitu ambavyo mwandishi wa kawaida hajui, wamekaa kwenye vile vikao. Tatizo langu ni yale maandishi chini ya jina, yanataja kazi aliyoacha miaka kumi nyuma na hayataji inayomlipa leo. Mwaka 2008 gazeti la New York Times lilionyesha jinsi wanajeshi wastaafu waliokuwa wachambuzi kwenye tivii walivyokuwa wanapewa maneno na Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, na baadhi yao wana uhusiano na makampuni yanayotafuta tenda za jeshi, na mtazamaji haambiwi kitu. Hao hawakuwa maprofesa, sawa, lakini kiti wanachokalia studio ni kile kile.

SWALI: Nipo mwaka wa pili nasoma uhusiano wa kimataifa, nataka kuwa mchambuzi kama hao. Nianze na media au nikomae na shule?

JIBU: Komaa na shule, na uchague eneo dogo ulijue kuliko mtu yeyote. Condoleezza Rice PhD yake ya 1981 ilihusu jeshi la Czechoslovakia na Wasovieti, kitu chembamba kweli, na Kirusi alikuwa amekisoma. 1989 yupo Ikulu ya Marekani kwenye lile Baraza la Usalama wa Taifa, na ndo mwaka Ulaya Mashariki yote inageuka, serikali za kikomunisti zinaanguka. Bahati? Ipo, ila wangemchukua wa nini kama hajui ile kona? Wanaoanza na tivii wanaishia kuchambua kila kitu, Jumatatu mafuta, Jumanne uchaguzi, Jumatano makombora, na hakuna ofisi inayomuita mtu wa hivyo. Una lugha gani mpaka sasa zaidi ya Kiingereza? Tuandikie tena utuambie.