Jibu kwa kijana wa Moshi anayebuni mchezo wenye tokeni

Ndugu yangu, nimekuelewa: wewe na wenzako mmebuni mchezo wa simu wa kilimo cha kahawa, mnataka kumlipa mchezaji tokeni, yaani sarafu ya kidijitali inayoweza kuuzwa, kwa kila mavuno, na mnahofia kwamba thamani yake itaporomoka. Hofu hiyo ina msingi. Katika Axie Infinity, mchezo uliotengenezwa Vietnam, tokeni ya SLP ilitolewa bila kikomo kwa washindi, na matumizi yake makubwa yalikuwa kuzalisha viumbe wapya wa mchezo huo, ambao wachezaji waliuziana. Wachezaji wapya walipopungua, wanunuzi wa viumbe hao walikosekana, tokeni zikafurika sokoni, na bei iliyopita senti 30 za dola mwaka 2021 ikashuka chini ya senti 1 mwaka 2022.

Kwa hiyo chukueni daftari mkokotoe tokeni zitakazotolewa na zitakazoteketezwa (yaani kutumika na kufutwa) kila siku ndani ya mchezo kwa mbolea, miche na ukarabati wa mashine ya kumenya kahawa, mkichukulia kwamba hatajiunga mchezaji mpya hata mmoja. Kisha jaribuni kwa pointi za kawaida zisizouzika. Mimi hapa Arusha nilifanya hivyo, na nilipositisha zawadi wengi waliondoka. Nikatambua kwamba mchezo wenyewe haukuwa na mvuto.

Msiuze tokeni kabla ya kuonana na mwanasheria na mshauri wa kodi, kwa kuwa Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuzuia sarafu za kidijitali mwaka 2019, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeweka kodi ya zuio (inayokatwa malipo yanapofanyika) ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Fedha za wazazi na za vikoba msiziguse kabisa.