Nikubali Nusu Wakati Haki Yangu ni Nzima?

SWALI: Asalaam alaykum, Shehe. Marehemu baba alituachia mtumbwi, injini na wavu wa dagaa. Tuko wanne, dada zangu wawili wameolewa Uvinza. Kaka anadai injini aliuziwa na baba, lakini hana shahidi wala karatasi. Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024 mtumbwi umelala mchangani Kibirizi. Wazee wanataka tusuluhishwe, ila ustadhi mmoja kaniambia anayekubali pungufu ya haki yake anamlisha nduguye haramu. Nifanyeje? (Ujiji)

JIBU: Waalaykum salaam. Swali lako limeninyima raha. Mtumbwi ukikaa juani mbao hupasuka na kalafati inayoziba nyufa hutoka. Mnagombania kitu kinachokufa mbele ya macho yenu.

Ustadhi huyo amekosea, na kosa lake linavunja nyumba za watu. Anayekula haramu ni yule anayejua si chake akakichukua, hata kadhi akimpa. Mwenye haki akisamehe sehemu ya haki yake kwa ridhaa, hiyo ni ihsani, yaani wema. Sahaba Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake msikitini mpaka sauti zikapanda. Mtume (s.a.w.) akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Akakubali, na mdaiwa akaamriwa: inuka umlipe. Je, tuseme Mtume alimlisha mtu haramu? Mmoja alipunguziwa mzigo, mwingine akapata malipo yake bila kuzungushwa.

Na kisa kama chenu kimo katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud. Wawili waligombania mirathi ya zamani, hawana ushahidi ila madai. Mtume akawaonya kuwa anayepewa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Wote wawili wakalia, kila mmoja akisema: haki yangu nampa mwenzangu. Akawaamuru wagawane, waitafute haki, wapige kura ya nani achukue fungu lipi, kisha wahalalishiane.

Ila ndugu yangu, barua yako yote ni wewe na kaka. Dada zako wameulizwa? Kila mmoja ana nusu ya fungu lako, na mama kama yu hai ana thumuni yake, moja ya nane. Chako waweza kusamehe, cha dada huwezi. Sulhu inayohalalisha haramu ni batili.

Wote wakiridhia, fundi aithamini injini, kaka aichukue kwa nusu ya thamani, nusu hiyo ikatwe kwenye fungu lake. Yeye atapata injini, nanyi mtapata mtumbwi unaovua. Andikeni, mashahidi wawepo.

Usingoje kaka akufuate. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, hivyo wakati wa mbalamwezi wavuvi wako nyumbani. Mwendee baada ya Isha, mkae pamoja muwapigie dada zenu simu, ili giza la mwezi likiingia mtumbwi uwe umeshapigwa kalafati.