Picha Moja, Majina Mawili

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu cha sanaa nimeona picha ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, akitembea nyuma ya nguruwe aliyemshika kwa kamba. Maelezo yake yanasema ni kazi ya Albert Bertrand ya mwaka 1896 “kwa kumfuata Félicien Rops”. Mwenye picha ni nani hasa, na Bertrand si mnakili tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, wazo ni la Rops, Mbelgiji mzaliwa wa Namur, aliyeichora picha hiyo mwaka 1878 kwa rangi za maji, pasteli (vijiti vya rangi kama chaki) na guashi (rangi nzito ya maji isiyopenya mwanga), akaiita Pornocratès, yaani utawala wa ukahaba. Ni kejeli kali. Mwanamke yule anapita juu ya ukuta uliochongwa taswira za uchongaji, muziki, ushairi na uchoraji, zote zimeketi kwa majonzi chini ya nyayo zake, naye hazioni wala haoni anakopelekwa. Uangalie tena mkia wa nguruwe: ni wa dhahabu.

Hata hivyo, ulichokiona wewe hakikutoka katika brashi ya Rops, bali katika bamba la chuma. Fundi wa kazi hii hulipaka bamba nta, akachora kwa sindano mpaka chuma kionekane, kisha hulitia katika asidi, nayo hula pale tu sindano ilipopita. Wino hujazwa katika mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu ikigandamizwa kwa mashine huunyonya. Vivuli laini huhitaji akwatinta, yaani unga wa utomvu unaoyeyushwa juu ya bamba kabla ya asidi. Tena picha hutoka imegeuka, kushoto kukiwa kulia, kwa hiyo fundi anayetaka ifanane na ya asili hana budi kuichora kinyume.

Kwa sababu hiyo sikubali kabisa kumwita Bertrand mnakili. Rops mwenyewe alikuwa bingwa wa kuchora kwa asidi, na alikuwa hai hadi 1898, lakini bamba hili ni la mkono wa Bertrand, na Gustave Pellet ndiye aliyeichapisha kazi hiyo jijini Paris.

Katika picha nyingi za zamani za aina hii utakuta majina mawili pembeni mwa ukingo wa chini: lenye “inv.” au “del.” ni la aliyebuni au kuchora, na lenye “sc.” ni la aliyelichonga bamba.