Kabla ya Bei ya Gigabaiti, Uliza Data Itaguswaje

Diski ya gigabaiti 200 ilijaa Jumamosi, siku ambayo soko letu la mtandaoni lilikuwa na wanunuzi wengi kuliko siku zote. Wauzaji walikuwa wakipakia picha za bidhaa, picha zinakaa kwenye diski ya seva, na PostgreSQL, hifadhidata yenye oda zote, iko kwenye diski hiyo hiyo. PostgreSQL ikikosa nafasi ya kuandika kumbukumbu za miamala, huzima. Ikazima. Picha za viatu na vitenge zilikuwa zimeziba njia ya pesa.

Tuliongeza ukubwa wa diski tukarudi hewani, lakini tatizo lilibaki pale pale. Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri wa hifadhi ya wingu, simwanzii na bei. Namuuliza: data yako ikishaandikwa, nani ataigusa, na ataigusaje?

Kama itabadilishwa kidogo kidogo, kila sekunde, na programu moja, hapo unahitaji hifadhi ya bloku. Hii ni diski unayokodi, na seva huiona kama diski yake yenyewe. Imegawanywa katika vipande vidogo, na kipande kimoja kinaweza kuandikwa upya bila kugusa vingine. Hifadhidata huishi kwa hilo. Ila unalipia ukubwa uliokodi hata nusu yake ikiwa tupu, na kwa kawaida diski hufungwa kwenye seva moja.

Hapo kwenye seva moja ndipo tulipojikwaa mara ya pili. Wateja walipoongezeka tuliweka seva ya pili, na malalamiko yakaanza: picha inaonekana, ukifungua ukurasa tena imepotea. Muuzaji alikuwa amepakia kwenye seva ya kwanza, mnunuzi anahudumiwa na ya pili, ambayo haijawahi kuiona picha hiyo.

Tukakimbilia hifadhi ya faili, yaani folda moja inayotumiwa na seva nyingi kwa pamoja kupitia mtandao. Teknolojia yake ya NFS ilibuniwa na Sun Microsystems miaka ya 1980, na bado ni jibu zuri kwa programu za zamani zinazotegemea folda, au WordPress (programu ya kuendesha tovuti) inayoendeshwa kwenye seva kadhaa. Picha zikaacha kupotea. Bili ndiyo iliyonirudisha kwenye karatasi na kalamu. Chukua bei za kawaida za huduma za wingu za Amazon huko Virginia kama kipimo: gigabaiti 1,000 kwa mwezi ni takriban dola 23 kwenye S3, hifadhi ya aina ya tatu nitakayoieleza hapa chini, dola 80 kwenye gp3, ambayo ni diski ya bloku, na dola 300 kwenye EFS, ambayo ni hifadhi ya faili. Picha ya kiatu hupakiwa mara moja, husomwa mara elfu, na haihaririwi kamwe. Kwa nini ilipiwe kama faili la kazi?

S3, iliyozinduliwa Machi 2006, ni hifadhi ya objekti. Unaweka kitu kizima ndani ya baketi, yaani chombo chako cha kuhifadhia, unakipa jina, na unakichukua kizima kwa anwani ya intaneti. Hakuna folda za kweli. Ile mikwaju (/) unayoiona ni sehemu ya jina tu, kwa hiyo kubadilisha jina ni kunakili kisha kufuta. Ukitaka kurekebisha herufi moja, unapakia kitu kizima upya. Ndiyo maana nakusihi usiweke hifadhidata inayofanya kazi humo, hata ukikuta programu inayoifanya baketi ionekane kama folda. Weka humo nakala rudufu zake, picha, video na risiti. Sisi tuliwapa wauzaji anwani za muda zilizosainiwa, yaani viungo vinavyoruhusu kupakia kwa muda mfupi, simu zao zikawa zinapakia moja kwa moja kwenye baketi, na seva ikapumua.

Katika hesabu yako, usisahau data inayotoka. Kampuni nyingi hutoza kila gigabaiti inayokwenda kwa mtumiaji, na kwa tovuti ya picha gharama hiyo inaweza kuipita ya kuhifadhi.

Kuna jambo moja ninaloliona zito kuliko bei. Wauzaji wetu walituamini na nakala za vitambulisho vyao. Ziweke kwenye baketi yake, iliyofungwa kwa umma, na usiwahi kuichanganya na baketi ya picha za bidhaa. Baketi mpya za S3 hufungwa zenyewe tangu Aprili 2023, lakini za zamani zikague moja moja kwa mikono yako.

Picha zilipohama, ile diski tuliyoikuza haikuweza kupunguzwa, maana EBS, huduma ya Amazon ya diski za bloku, huruhusu kuongeza tu. Tuliunda nyingine ya gigabaiti 40, tukahamishia hifadhidata usiku, tukahakiki oda zote zipo, ndipo tukaifuta ya zamani.