Ile picha ya wake wawili

Mwanangu,

Hujambo huko kwenye baridi. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile ya picha ya Holbein, mchoraji wa zamani wa Kijerumani, uliyoiona huko Schwäbisch Hall, Ujerumani. Unasema Bikira Maria kasimama na mtoto, familia imepiga magoti, halafu upande wa wanawake kuna wake wawili wa mzee mmoja, wa kwanza marehemu, wa pili mzima, na marehemu ndo kawekwa karibu na Maria. Ukaniuliza, mama, huyu wa pili alikubalije?

Sa nimeikuza kwenye simu mpaka macho yameniuma. Mzee ni Jakob Meyer, aliwahi kuwa meya wa Basel, mji wa Uswisi, Mkatoliki kwelikweli wakati mji unahamia kwa Waprotestanti, picha kaagiza 1526, halafu 1529 watu wakaingia makanisani wakavunja sanamu. Magdalena, mke wa kwanza, alikuwa keshafariki tangu 1511. Miaka kumi na tano hiyo, Dorothea, yule wa pili, keshakaa nyumbani na binti kazaa, yule Anna mwenye rozari. Angemwonea wivu wa nini?

Ila mwangalie Magdalena, kitambaa cheupe kimemfunika kidevu chote. Na Dorothea mwanzoni alichorwa hivyohivyo! Holbein aliporudi kutoka Uingereza 1528 ndo akairudia picha, akamfungua uso, na Anna aliyekuwa na nywele zimeachiwa akabanwa nywele kichwani kama mchumba. Mi nahisi Dorothea alisema kitu hapo. Nafasi mpe marehemu, sawa, lakini uso wangu uonekane. (Na lile zulia la Kituruki lililojikunja miguuni pa Maria, nimecheka, utadhani wewe na kaka yako mmepita mnakimbizana.)

Mi nilipoolewa na baba yako, picha ya mama yake kaka yako ilikuwa ukutani juu ya redio. Mashangazi zako wakasema itoe, sikuitoa, kila Jumamosi naifuta vumbi. Watu wakanisifu eti nina moyo. Moyo gani, mwaka wa kwanza nilikuwa naisugua kwa hasira, siku moja kioo kikalia kwaa! Ule ufa wa pembeni uliokuwa unauliza umetoka wapi, ndo huo. Baba yako mpaka leo anajua ni fundi wa umeme.

Mama