Maswali na majibu: mafuta yanavyobanduka kwenye vyombo

Sabuni inafanya nini hasa mpaka mafuta yaachie sahani?

Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mikia huzama kwenye mafuta, vichwa vikabaki majini, na mvutano kati ya mafuta na maji unashuka. Pembeni mwa tone, maji yenye sabuni hulowesha sahani na kujipenyeza chini ya mafuta. Ukingo unarudi nyuma, tone lililotandaa linajikunja na kuinuka. Ukipima pembe kati ya tone na sahani, kwa upande wa ndani ya mafuta, ikishapita nyuzi 90 msukosuko mdogo wa maji hulibandua. Ikikaribia 180 linaelea lenyewe. Ndiyo maana kuloweka husaidia: kazi hii inataka muda.

Mbona bakuli la plastiki linabaki na utelezi hata nikiosha mara mbili?

Plastiki na mafuta vinapatana. Pembe hukwama chini ya 90, hivyo ukisugua tone linarefuka, linakatika shingoni, na sehemu yake ya chini inabaki imeng'ang'ania. Kosa la wengi ni kuanza na maji. Futa kwanza kwa karatasi, paka sabuni ya maji isiyochanganywa, sugua bakuli likiwa kavu, ndipo utie maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Acha dakika 10, suuza, rudia. Kama ni mafuta ya ng'ombe, maji baridi ni kujichosha tu, maana yameganda na hayawezi kujikunja kuwa tone.

Nikizidisha sabuni, mafuta yatatoka upesi zaidi?

Mpaka kiwango fulani. Kwa sodiamu laurili salfeti, iliyomo kwenye sabuni nyingi za maji, kiwango hicho ni kama gramu 2.3 kwa lita ya maji safi. Ukikipita, mvutano haushuki tena. Molekuli za ziada hukusanyika vifundo vinavyobeba mafuta yaliyokwisha kubanduka. Zina faida vyombo vikiwa vichafu sana. Povu lisikudanganye, si kipimo.

Utando wa kahawia kwenye kikaangio je?

Hayo si mafuta tena. Moto umeyaunganisha yakawa kama rangi iliyokauka, hakuna tone la kubandua. Sugua kwa steelwire au majivu. Soda kali (kostiki soda) huyala, lakini hula aluminiamu pia, kwa hiyo usiitie kwenye sufuria zako za aluminiamu.