Taimingi belti imekata: tutie mpya tuwashe, au injini ndo ishakwenda?

SUALI: Assalaam alaykum fundi. Mie nipo Wete, nna Hiace injini 5L, napakia abiria Wete na Chake na msimu wa karafuu nabeba na magunia. Juzi napandisha mlima gari ikazima ghafla, haikukohoa wala kutoa moshi, nikipiga stata inazunguka nyepesi tu haishiki. Fundi wa hapa kafungua kava kakuta taimingi belti imekata. Yeye anasema n'nunue belti aifunge tuwashe, mwengine kanambia hio injini ishakwenda nitafute nyengine. Nimsikilize nani? Pesa nilonayo ni ya belti tu.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, pole sana, gari ya abiria ikilala na riziki ya nyumbani inasimama. Kwa sasa usimfate yeyote kati ya hao wawili, na kabla ya lolote usipige stata tena, hata mara moja ya kujaribu.

Belti ile ndo inozifunga krenki, ile shafti ya chini inozungushwa na pistoni, na kamshafti, ile inofungua valvu (milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi), zende pamoja, krenki ikizunguka mara mbili kamshafti inazunguka mara moja, na kwenye 5L belti hio hio inazungusha na pampu ya dizeli, ndo mana gari ikazima papo hapo, mafuta yalikatika. Sasa ikikata, kamshafti inasimama pale pale ilipo na baadhi ya valvu zimebaki wazi, huku chini gari iko gia na inatembea kwa hivyo pistoni bado zinapanda. Na dizeli inawaka kwa kubana hewa, pistoni ikifika juu haiachi nafasi ya maana, valvu ilobaki wazi inagongwa, inapinda. Kila ukipiga stata unazipandisha tena pistoni zile zile kwenye valvu zile zile. Ule wepesi wa stata usikutishe wala usikupe moyo, belti ikikata stata huwa nyepesi hata valvu zikiwa nzima.

Belti nunua, hio pesa haipotei maana utaihitaji kwa vyovyote. Ila kabla haijafungwa, fundi afungue kava ya juu apime nafasi ya valvu, ule uwazi baina yake na kamshafti, kwa fila geji (mabamba membamba ya kupimia) moja moja, valvu ilopinda haikai kwenye siti yake pale inapozibia kwa hivyo nafasi inakuwa kubwa kuliko za wenzake. Akiona zimelingana, atoe zile plagi za kupasha moto, atie belti kwa alama zake zote, krenki, kamshafti na pampu, halafu azungushe krenki kwa spana mkono taratibu mizunguko miwili kamili na alama zirudi zikutane. Ikigoma popote asilazimishe. Ikizunguka vizuri, apime kompresheni (nguvu ya kubana hewa) silinda zote nne kwa matundu yale yale ya plagi, na hapo ndo mtajua kama kuna haja ya kunyanyua hedi (kichwa cha injini chenye valvu) au hakuna.

Sikufichi, dizeli ya Toyota ikikata belti iko kwenye mwendo mara nyingi valvu hupinda, kwa hivyo jiandae. Lakini valvu zilopinda sio injini ilokufa! Hedi inanyanyuliwa, inapimwa kama imekaa sawa, zinatazamwa gaidi za valvu (vile vijipaipu zinamopita) na kamshafti isije ikawa na ufa, na vichwa vya pistoni pia, valvu mpya zinasagwa zikae sawa kwenye siti zake, gaskiti mpya, basi. Ukikimbilia injini ya mtumba utapewa na belti yake ambayo hujui ina umri gani, na kazi ya belti iko pale pale.

Na muombe fundi akuoneshe hio belti ilokata. Ikiwa imelowa oili, sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenki au ya kamshafti inavuja, na belti mpya ukiitia juu ya sili ile ile itakatika nayo. Tensheni beringi, ile inoikaza belti, nayo itolewe, usikubali ya zamani irudishwe ati "bado nzima". Halafu ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi inahesabu kilomita tu, belti yenyewe haiioni, na gari zetu hizi mita zake zishachezewa saa nyengine hata kabla hazijashuka bandarini. Ukinunua gari ya belti na hujui ilibadilishwa lini, badilisha, usingoje taa iwake kwenye kilomita 100,000.

SUALI: Fundi, Corolla 110 yangu injini 5A imekata belti njia ya Bububu, naambiwa valvu zote zishapinda ninunue injini. Nipo Mwanakwerekwe.

JIBU: Shika pesa yako! Kwenye 5A-FE pistoni na valvu hazifikiani hata belti ikikata, ilizima kwa sababu distributa, ile inogawa moto kwa plagi, inazungushwa na kamshafti, moto ukakatika. Tia belti, tensheni na sili, zungusha kwa mkono kwanza, kisha washa. 3S-FE ya Noah vile vile haipindi, ila ile pampu yake ya maji inazungushwa na belti hio, ibadilisheni pamoja. Injini nyengine ya Toyota, 1G-FE, ndo mjihadhari, za zamani haziharibiki lakini zile za VVT-i (zinojirekebisha wenyewe wakati wa kufungua valvu) zinapinda.

SUALI: IST yangu nibadilishe taimingi belti lini?

JIBU: Haina taimingi belti dada yangu, ina cheni. Alokwambia inataka belti muulize ameiona wapi. Wewe badilisha oili kwa wakati na usiiache ipungue, na ukisikia inagonga kama minyororo asubuhi unapowasha, ipeleke ikaguliwe cheni na tensheni yake.